Kwanta na Akili ya Msomaji: Sitiari au Hesabu?

Siku hizi semina ya nadharia ya fasihi haiishi bila mmoja wetu kusimama na kutangaza kwamba maana ya matini ni "ya kikwanta". Akibanwa aeleze, husema kwamba maana haikai mahali pamoja, kwamba msomaji ndiye anayeiumba anapoisoma, na kwamba eti wanafizikia wamekwisha kulithibitisha jambo hilo. Vichwa vinatikiswa, mwenyekiti anashukuru, tunatoka kwenda kunywa chai. Makala haya yana ugomvi na vichwa hivyo vinavyotikiswa. Na nadharia yenyewe hayana ugomvi, maana ipo kazi nzito iliyofanywa na watu waliochukua hesabu za kwanta wakazitumia kueleza jinsi binadamu anavyofikiri, anavyojibu maswali na anavyotafuta habari. Shida ni kwamba sisi wa fasihi tumechukua jina tukaziacha hesabu, na bila hesabu hizo jina halitusaidii kitu ambacho hatukuwa nacho tangu zamani.

Vitabu viwili ndivyo nitakavyovitegemea zaidi. Cha kwanza ni The Geometry of Information Retrieval cha Keith van Rijsbergen, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, kilichotoka 2004. Cha pili ni Quantum Models of Cognition and Decision cha Jerome Busemeyer na Peter Bruza, kilichotoka 2012. Wa kwanza anashughulika na kompyuta inayomtafutia mtu maandishi. Wa pili wanashughulika na mtu mwenyewe. Wote wanadai jambo moja: kwamba hesabu ya uwezekano tunayofundishwa shuleni, ile ya kurusha shilingi na kuokota gololi kwenye mfuko, haitoshi kumweleza mtu anayeamua.

Kwanza tuondoe takataka njiani. Busemeyer na Bruza hawasemi kwamba ubongo ni mtambo wa kwanta. Huyo aliyesema karibu na hapo ni Roger Penrose, katika kitabu chake cha 1989, na alijibiwa na wengi, akiwamo Max Tegmark ambaye mwaka 2000 alipiga hesabu na kuonyesha kwamba hali ya kwanta ndani ya ubongo wenye joto ingevurugika haraka mno kabla haijafaa kwa fikra yoyote. Ugomvi huo ni wao. Busemeyer na Bruza wanauacha mlangoni. Wanachokiazima ni kanuni za kuhesabu tu, kama vile fundi seremala anavyoweza kutumia kanuni ya Pythagoras bila kuamini kwamba meza yake ni Mgiriki.

Sasa basi, kwa nini waazime? Hebu tuangalie mfano ambao umekuwa maarufu katika uwanja huu. Septemba 1997 shirika la Gallup la Marekani liliwauliza watu maswali mawili: Je, Bill Clinton ni mtu mwaminifu na wa kuaminika? Je, Al Gore je? Nusu ya watu waliulizwa kuhusu Clinton kwanza, nusu nyingine kuhusu Gore kwanza. Clinton alipotangulia, asilimia 50 walisema ndiyo, ni mwaminifu. Gore alipotangulia, alipata asilimia 68. Pengo ni 18. Lakini waliomjibia Clinton baada ya kumjibia Gore walimpa asilimia 57, na waliomjibia Gore baada ya Clinton walimpa 60. Pengo limebaki 3. Watu walikuwa walewale kwa aina, majuma yaleyale, maneno yaleyale. Kilichobadilika ni nani alitangulia.

Mtu wa mtaani atasema: kwani hilo ni ajabu? Ukimtaja mgomvi kabla ya nduguye, ndugu anachafuka. Ni kweli, hakuna ajabu. Ajabu iko kwa mwanahesabu. Katika uwezekano wa kawaida, "anamwamini Clinton na anamwamini Gore" ni kitu kilekile na "anamwamini Gore na anamwamini Clinton". Kiunganishi "na" hakijui mbele wala nyuma. Ukitaka kijue, inabidi uongeze maelezo pembeni: kumbukumbu, aibu, heshima, mazoea. Kila utafiti unapata kiraka chake. Katika hesabu za kwanta mpangilio umo ndani tangu mwanzo, kwa sababu hesabu hizo zilitungwa kwa ajili ya vipimo ambavyo kimoja kinakivuruga kingine.

Naomba msomaji achukue karatasi, maana hapa ndipo semina zetu hukimbilia. Chora mshale mmoja unaoelekea mashariki, wenye urefu wa 1. Huo ndio hali ya mtu kabla hajaulizwa. Kila swali ni mstari. Jibu la "ndiyo" linapatikana kwa kuangusha kivuli cha mshale juu ya mstari wa swali, kwa pembemraba, kisha unauzidisha urefu wa kivuli kwa wenyewe. Hiyo ndiyo bahati ya kusema ndiyo. Na akishasema ndiyo, mshale wake haurudi ulikokuwa. Sasa umelala juu ya mstari wa swali lile.

Chora mstari wa kwenda kaskazini. Mshale wa mashariki hauna kivuli hata kidogo juu ya mstari huo. Bahati ni 0. Mtu huyu, ukimuuliza swali la kaskazini moja kwa moja, hasemi ndiyo kamwe. Sasa chora mstari wa kaskazini mashariki, katikati, nyuzi 45. Uliza swali hilo kwanza: kivuli kikizidishwa kwa chenyewe ni nusu. Aliyesema ndiyo sasa mshale wake umelala kaskazini mashariki, na kutoka hapo swali la kaskazini linampa nusu nyingine. Nusu ya nusu ni robo. Yaani jibu ambalo halikuwezekana kabisa limepata bahati ya robo, kwa sababu tu tulipitia swali jingine njiani. Geuza mpangilio, unapata 0 tena. Hakuna fumbo hapa wala falsafa ya Mashariki. Ni rula na penseli.

Mchoro huo ndio unaomweleza Linda. Linda aliumbwa na Amos Tversky na Daniel Kahneman katika makala yao ya 1983: mwanamke wa miaka 31, hajaolewa, msemaji asiyeficha, mwenye akili nyingi, aliyesomea falsafa, na ambaye alipokuwa chuoni alijali sana habari za ubaguzi na haki za jamii, akashiriki maandamano ya kupinga nyuklia. Watu wakaulizwa: lipi linaelekea zaidi kuwa kweli, kwamba Linda ni karani wa benki, au kwamba Linda ni karani wa benki na pia ni mwanaharakati wa kutetea wanawake? Asilimia 85 wakachagua la pili. Kihesabu ni kosa, maana makarani wanaharakati wote wamo tayari ndani ya makarani. Kundi dogo haliwezi kulizidi kundi linalolibeba.

Busemeyer na wenzake, mwaka 2011, walieleza hivi: mshale wa Linda uko mbali sana na mstari wa "karani". Ukiulizwa moja kwa moja, huoni njia. Lakini mstari wa "mwanaharakati" uko karibu naye, na ukiupitia huo kwanza, ukarani unaonekana. Kaskazini kwa kupitia kaskazini mashariki.

Mimi kama mwanafunzi wa fasihi nina la kuongeza, ambalo vitabu hivi havilisemi kwa uzito unaostahili. Linda ni mhusika. Amesawiriwa. Tversky na Kahneman walimchora kama mtunzi wa hadithi anavyomchora shujaa wake, kisha wakawashangaa wasomaji waliomsoma kama shujaa. Msomaji yeyote aliyepikwa na riwaya anajua kwamba sifa zilizotajwa hazikutajwa bure, na kwamba "karani wa benki" peke yake ni mwisho usiolingana na mwanzo. Asilimia 85 wale walikuwa wanauliza, je, hadithi hii inakamilikaje? Kuwaita wajinga wa hesabu ni kuwaonea. Sifa ya mfano wa kwanta ni kwamba hauwaonei: unahesabu njia ambayo akili imepita, na njia ndiyo hadithi.

Lakini mpaka hapo mfano huu bado ungekuwa hodari wa kueleza mambo yaliyokwisha kutokea, na nadharia inayoeleza kila kitu baada ya kutokea tunayo tele kwenye maktaba zetu. Kilichonifanya niuheshimu ni jambo jingine. Mwaka 2014 Zheng Wang, Busemeyer na wenzao walichapisha jaribio la utabiri mmoja unaotoka ndani ya hesabu zenyewe, bila kurekebisha kitu chochote. Utabiri unasema hivi: wahesabu wale wote waliojibu sawasawa katika maswali mawili, waliosema ndiyo-ndiyo pamoja na waliosema hapana-hapana. Geuza mpangilio wa maswali. Watu watahama, ndiyo-ndiyo itapanda au itashuka, hapana-hapana vilevile, lakini jumla ya makundi hayo mawili haitatikisika. Wakaukagua utabiri huo katika kura za maoni 70 za Marekani, ambazo kila moja ilikuwa na mamia ya watu hadi karibu 3,000, pamoja na majaribio mawili ya maabara. Kwa sehemu kubwa ulisimama. Katika kura ile ya Clinton na Gore, jumla hiyo ilitofautiana kwa chini ya asilimia 1.

Hapo ndipo sitiari inapotengana na hesabu. Sitiari haiwezi kushindwa. Ukisema moyo wa mpenzi ni bahari, hakuna wimbi litakalokuja kukukanusha. Utabiri wa Wang na Busemeyer ungeweza kushindwa mara 70.

Na mahali fulani ulishindwa, na kushindwa kwenyewe kunafundisha. David Moore alizichambua mwaka 2002 kura za Gallup za aina hii, na mojawapo ilihusu wachezaji wawili wa besiboli waliopigwa marufuku, Pete Rose na Joe Jackson, kama waruhusiwe kuingizwa katika ukumbi wa mashujaa wa mchezo huo. Hapo jumla ilitikisika. Sababu iliyotolewa ni kwamba kabla ya kila swali watu walipewa maelezo mafupi kuhusu mchezaji anayeulizwa. Kwa hiyo kilichoingia kati ya swali la kwanza na la pili hakikuwa swali peke yake, habari mpya iliingia pia, na mchoro wetu wa mishale haukuiwekea nafasi. Ni jibu la haki. Lakini kaa nalo kidogo. Msomaji wa riwaya hupewa habari mpya katika kila ukurasa. Kama utabiri unavunjika pale maelezo mafupi yanapoongezwa, basi kuubeba mzimamzima na kuuweka juu ya usomaji wa kurasa 200 ni kuubebesha mzigo ambao wenyewe hawakuuahidi.

Kuna shimo la pili, lenye kina zaidi. Mtu akiulizwa kuhusu Clinton akasema ndiyo, kisha akaulizwa kuhusu Gore, kisha akarudishiwa swali la Clinton, atajibu nini? Mchoro wa mishale unasema jibu la kwanza limeshavurugwa na la pili, hivyo anaweza kugeuka. Mtu wa kawaida hageuki. Alishasema ndiyo, atasema ndiyo. Mwaka 2014 Andrei Khrennikov, Irina Basieva, Ehtibar Dzhafarov na, zingatia, Busemeyer mwenyewe, walionyesha kwamba hesabu za kawaida za kwanta haziwezi kubeba mambo yote mawili kwa pamoja: mpangilio kuwa na athari, na jibu la kwanza kudumu. Njia ya kutokea ilipendekezwa 2020 na Masanao Ozawa na Khrennikov, kwa kutumia vipimo vya kwanta vilivyo tata kuliko vivuli vyetu. Kabla ya hapo, 2018, David Kellen na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba hata ule utabiri wa jumla isiyotikisika unaweza kuzaliwa na mifano ya uwezekano wa kawaida ikipangwa vizuri. Kwa hiyo anayesema kwamba jambo hili "limethibitishwa" hajasoma mpaka mwisho. Nampa sifa Busemeyer kwa kutia sahihi yake katika makala inayoubana mfano wake mwenyewe. Katika uhakiki wetu ni nadra mhakiki kuandika makala ya kuonyesha mahali nadharia yake inapofeli. Tunangoja wengine watufanyie, kisha tunakasirika.

Nihamie kwenye utafutaji wa habari, ambako mambo ni ya mikono zaidi. Tangu Gerard Salton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walipouendeleza mtindo huo katika miaka ya 1960 na 1970, kompyuta imezoea kuligeuza kila andiko kuwa mshale. Kila neno ni upande mmoja wa dira, na dira ina pande maelfu. Swali la mtafutaji nalo ni mshale. Andiko ambalo pembe yake na mshale wa swali ni ndogo ndilo linaloletwa juu. Van Rijsbergen, ambaye alikwisha kuandika kitabu cha kiada cha somo hili mwaka 1975, aliyatazama mazoea hayo na kusema: jamani, hii ndiyo jiometria ileile ambayo wanafizikia wanaitumia tangu John von Neumann aliposimika misingi yake mwaka 1932. Mishale, pembe, vivuli. Watu wa maktaba walikuwa wanaongea kwanta miaka yote bila kujua.

Na akaenda mbali zaidi ya kufanana kwa sura. Ufaafu wa andiko, kwa maoni yake, si sifa iliyokwisha kugandishwa ndani ya andiko, ikingoja kugunduliwa. Mtafutaji anapolitazama ndipo linapofaa au lisifae, na akishalitazama yeye mwenyewe amebadilika. Stephen Robertson mwaka 1977 alikuwa ameeleza kanuni ya kupanga maandiko kwa kufuata uwezekano wa kila moja kufaa, kila moja likihesabiwa peke yake. Kanuni nzuri, ila inamchukulia msomaji kama mtu anayeanza upya kila anapofungua ukurasa. Guido Zuccon na Leif Azzopardi mwaka 2010 walijaribu kanuni nyingine ambayo ndani yake maandiko yaliyokwisha kuorodheshwa yanaingilia hesabu ya linalofuata, kama mawimbi mawili yanavyokutana ziwani, pengine yakiongezana, pengine yakimezana. Anayejua kwamba andiko la tatu linarudia la kwanza ataelewa faida yake bila fomula.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kukanusha. Dominic Widdows mwaka 2003 alijiuliza: mtu akitafuta neno lenye maana mbili na akasema maana moja haitaki, kompyuta ifanye nini? Njia ya zamani ni kutupa kila andiko lenye neno lisilotakiwa. Njia yake ni ya pembemraba: unauchukua mshale wa swali, unaondoa ule upande wote unaolala kwenye maana isiyotakiwa, unabaki na mshale uliosimama wima dhidi yake. Pamoja na neno lile wanaondoka majirani zake, hata yale ambayo mtafutaji hakuyataja.

Tuulete kwenye lugha yetu. Chukua neno "paa". Ni sehemu ya juu ya nyumba. Ni mnyama wa porini. Ni kwenda juu angani. Ni kumwondolea samaki magamba. Mtu anayetafuta habari za kuezeka akaandika "paa" bila "mnyama", kwa njia ya zamani bado ataletewa kurasa za swala na pembe ambazo hazikutumia neno "mnyama" hata mara moja. Kwa njia ya Widdows, swala, pembe, pori na mwindaji wote wanaondoka kwa pamoja kwa kuwa wamelala upande mmoja, na yanabaki makuti, mabati na kenchi. Hii ni faida tunayoweza kuihesabu, siyo kuishangilia.

Ila lugha yetu inaleta madai yake. Neno kwa Salton ni kitu kinachosimama baina ya nafasi mbili tupu. Kwa Kiswahili, "wameezeka", "imeezekwa", "kuezeka" na "mwezekaji" zitakuwa pande nne tofauti za dira, kama hakuna aliyevua viambishi kwanza. Kazi ya namna hiyo Arvi Hurskainen aliianza Helsinki tangu miaka ya 1980, bila kwanta yoyote, kwa sarufi na subira. Yeyote anayetaka jiometria ya Kiswahili lazima apitie huko kwanza. Nalisema hili kwa sababu naona hatari ya wanafunzi wa isimu kuruka mofolojia wakakimbilia hesabu za kigeni kwa kuwa zinang'aa.

Sasa turudi nyumbani kwenye uhakiki. Mwaka 1994 mwanafizikia Alan Sokal alipeleka kwenye jarida la Marekani liitwalo Social Text makala iliyojaa maneno ya fizikia ya kwanta yaliyopangwa bila maana, akayapamba kwa majina ya wananadharia wanaopendwa. Ikachapishwa mwaka 1996. Kisha akatangaza kwamba ilikuwa mzaha. Wengi wetu tunamchukia Sokal kwa jeuri ile, na kweli alikuwa na jeuri. Lakini mtego wake ulinasa kwa sababu wahariri walitikisa vichwa. Kwamba msomaji huishiriki maana, Wolfgang Iser alilieleza mwaka 1976 na Stanley Fish mwaka 1980, bila elektroni hata moja. Anayesema "maana ni ya kikwanta" akimaanisha hilo tu, anamnyima Iser haki yake na hampi von Neumann chochote.

Na hapa nina lawama yangu kwa hao wenye hesabu pia. Katika mchoro wao kuna mshale na kuna mistari. Hakuna mwulizaji. Mstari wa swali unatokea tu karatasini, kana kwamba umeshuka kutoka mbinguni. Lakini maswali huwa na mwenyewe. Kuna aliyeamua kwamba Clinton aulizwe sambamba na Gore, na siyo sambamba na mkulima wa Arkansas. Kuna anayepanga orodha ya matokeo kwenye kompyuta na kuna anayelipwa kwa mpangilio huo. Kama mpangilio wa maswali una nguvu ya kulifuta pengo la asilimia 18 likabaki 3, basi anayeupanga ana mamlaka, na nadharia ambayo ugunduzi wake mkubwa ni nguvu ya mpangilio ilipaswa kuwa ya kwanza kuuliza mamlaka hayo ni ya nani. Haikuuliza. Kizazi cha walimu wetu kilichofundishwa kumtafuta mwenye mali nyuma ya kila matini kingeliona pengo hili kwa jicho moja.

Sisi tunao mpangilio wetu. Mwanafunzi anayekutana na Euphrase Kezilahabi darasani, mara nyingi hukutana kwanza na swali kama mwandishi huyu ni mkata tamaa, kwa hoja ya udhanaishi, na ndipo baadaye anafungua Nagona ya 1990 au Mzingile ya 1991. Swali limetangulia kitabu. Mshale umeshalala. Naamini, na hili ni dai langu ambalo mtu anaweza kulipinga, kwamba sehemu kubwa ya "Kezilahabi mkata tamaa" tunayemjua imetengenezwa na mpangilio huo kuliko na riwaya zenyewe. Kezilahabi alifariki 2020 na hawezi tena kubishana nasi.

Lakini dai la namna hii linapimika, na ndilo lililonifanya niandike. Tuchukue wanafunzi waliokwisha kuisoma Nagona, tuwagawe nusu kwa nusu kwa kura. Kundi la kwanza liulizwe: Je, Kezilahabi ni mwandishi aliyekata tamaa? Kisha: Je, Nagona ni riwaya yenye matumaini? Kundi la pili liulizwe kinyume chake. Jibu ni ndiyo au hapana, kwa karatasi, bila maelezo yoyote ya mhadhiri kati ya maswali, tusije tukavuna mambo ya Pete Rose. Tukipata tofauti kati ya makundi, tutajua mpangilio una nguvu. Kisha tujumlishe ndiyo-ndiyo na hapana-hapana katika kila kundi na kulinganisha. Jumla zikiwa sawa, mchoro wa mishale umesimama hata kwa wasomaji wa Kiswahili. Zikitofautiana sana, umeanguka, na itabidi tutafute maelezo mengine. Semina moja ya watu 30 haitoshi, maana kwa idadi hiyo bahati nasibu peke yake inaweza kutoa tofauti ya kupotosha. Tunahitaji mamia, yaani zaidi ya mwaka mmoja wa masomo na zaidi ya chuo kimoja. Karatasi ya maswali ina mistari miwili tu, na inaweza kurudufiwa nane kwenye ukurasa mmoja.